Ubao wa Stoo ya Samaki

Kijiwe chetu pale Homa Bay hakina paa wala jina. Ni mbao ndefu iliyolazwa juu ya mawe mawili, jiko langu la makaa, na birika la kahawa nililokuja nalo kutoka Kendu Bay enzi za mkoloni. Mbele yetu ni stoo ya samaki ya ushirika, na nyuma ya stoo ni gati. Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya mwezi wa tatu, mwaka wa sitini na tisa, mvua bado haijaanza na jua limetoka na ubaya wake wote. Kina mama wa kisiwa cha Remba walikuwa wameshusha makapu ya samaki wa ngege gatini, wameyafunika kwa nyasi mbichi, wanangoja lori. Wiki iliyotangulia walingoja vivyo hivyo, lori likaenda Magunga ambako siku hiyo hapakuwa na hata mkia wa samaki, na makapu yote yakaozea gatini sisi tukiyanusa. Kwa hiyo hakuna aliyefika kijiweni akicheka. Kitu kimoja tu kilitupoza kidogo: mbao yetu ya zamani, ile iliyopasuka na kutufinya makalio, ilikuwa imebadilishwa. Machuki, fundi seremala wa kutoka upande wa Kuria, alikuwa ametuletea mpya ya mvule, ameipiga randa hadi inateleza. Tukamshukuru. Yeye akapokea kahawa yake, akakaa mwisho wa mbao.

Ugomvi wetu ulikuwa juu ya ubao. Miaka yote ndani ya stoo ile, mlango ukiwa wazi, ungeuona ukutani hata ukiwa umekaa hapa: ubao mkubwa uliopakwa rangi ya buluu na kugawanywa vyumba vyumba, kila ufuo na chumba chake. Katika kila chumba kulikuwa na misumari, na kwenye misumari vilining'inia vipande vya bati vilivyokatwa kutoka mikebe ya mafuta ya kupikia: samaki, mashua, pipa la barafu, lori. Samaki akitazama ziwa, bado yuko majini. Akitazama barabara, ameshatua na anangoja kuchukuliwa. Dereva naye hakuwasha injini kabla hajalichukua lori lake la bati na kulitundika kwenye chumba cha mahali anapokwenda. Hiyo ilikuwa sheria, ingawa hakuna aliyeiandika. Dolphine wa stoo aliwageuza samaki kila mashua ilipoleta habari, na mtu yeyote aliyeingia alitupa jicho mara moja akajua ziwa zima limeamkaje. Kisha Krismasi ilipopita meneja akarudi kutoka kozi Nairobi na mashine. Ubao ukang'olewa.

Wa kwanza kufoka alikuwa Wangwe. Tunamwita Sajini, kwa sababu alirudi kutoka vita vya Burma na sauti ya kuamrisha, na tangu hapo hajaipumzisha. Alimwona Cephas, karani anayepiga hiyo mashine, akivuka barabara na shati lake jeupe.

SAJINI: Karani! Kuja hapa. Hawa mama watapata lori leo, ama wataoza pamoja na samaki yao?

KARANI: Nimeshauliza mashine. Imejibu. Lori iko njiani.

SAJINI: Hata wiki jana ilisema hivyo.

KARANI: Wiki jana ilikuwa makosa ya mtu. Mashine haikosei.

Nikammiminia kahawa ili akae. Mtu anayesema maneno kama hayo ni vizuri awe karibu.

MIMI: Hebu tueleze, mwanangu. Unaiuliza vipi?

KARANI: Unapiga jina la ufuo, herufi kubwa tupu. Unangoja. Inaenda na waya ya simu mpaka kwa kompyuta kubwa, inarudi, inakuandikia laini moja.

SAJINI: Laini moja!

KARANI: Moja, lakini safi.

MIMI: Na ukitaka kujua kama barafu ipo?

KARANI: Unauliza tena.

MIMI: Na mashua?

KARANI: Unauliza tena, Mzee Athumani. Kila kitu na zamu yake.

Hapo akaingilia Elkanah. Huyu tunamwita Amerika, si kwamba amefika huko, ila kaka yake yuko huko anasoma, na Elkanah huvaa kofia zake kuukuu.

AMERIKA: Omera, ndugu yangu, ukifika kwa barafu, si ile ya mashua umeshasahau?

KARANI: Imeandikwa kwa karatasi! Unarudi nyuma, unasoma.

Karatasi hiyo nimeiona kwa macho yangu. Nilipeleka kahawa ndani siku ile ya ngege kuoza, nikamkuta Karani amepiga magoti sakafuni, karatasi imemzunguka mpaka kiunoni, anatafuta mstari wa Magunga. Meneja amemsimamia anampigia kelele, simu inalia, mashine inagonga, na lori limeshaondoka. Nilitaka kumwaga kahawa juu ya ile mashine. Mpaka leo najilaumu kwamba sikuimwaga.

SAJINI: Dolphine alikuwa anaangalia tu ukuta! Hata kikombe hajaweka chini, amejua Remba wametua, barafu imeisha, lori iko kwa barabara ya Kisii.

KARANI: Na huo ukuta wenu? Mtu akipita na bega, samaki wanageuka. Upepo ukiingia, Remba yote iko chini. Ubao unakumbuka jana? Haukumbuki. Na wakubwa walioko mbali, wangeuona vipi ukiwa umepigiliwa hapa Homa Bay? Semeni.

Alikuwa ametupata pabaya, na ndiyo maana hasira ilizidi. Sajini alipuliza kahawa ambayo ilikuwa imeshapoa.

AMERIKA: Sikizeni mimi. Kaka yangu alikuwa nyumbani Krismasi. Ameniambia kitu ameona huko kwao, kwa chuo. Ni kioo, kama sinema, lakini kidogo, ya kuwekwa mezani. Ndani ya hiyo kioo kuna vyumba. Hapa kuna maandishi, hapa kuna ramani, hapa kuna picha. Zote mara moja! Mtu ameshika kambao kadogo, anakasukuma hivi kwa meza, na alama inatembea ndani ya kioo mpaka pale anataka. Hapigi jina, hangoji. Anaangalia, anashika, anafanya. Kaka yangu anasema kazi ya siku mzima inaisha kabla ya chakula cha mchana.

SAJINI: Vyumba?

AMERIKA: Vyumba.

SAJINI: Kila kitu na chumba yake?

AMERIKA: Ndiyo hivyo.

SAJINI: Si hiyo ni ubao yetu!

AMERIKA: Ni ubao yetu, omera! Ubao yetu ya kioo!

Sajini alisimama, akakaa, akasimama tena.

SAJINI: Tumeibiwa. Yule mzungu! Mnakumbuka yule wa mwaka wa uhuru, ati amekuja kupiga picha ya twiga huko Lambwe? Nilimpata ndani ya stoo na kamera. Twiga gani anakaa ndani ya stoo ya samaki?

KARANI: Alikuwa amekuja kununua barafu.

SAJINI: Barafu ya twiga?

AMERIKA: Kare! Kumbe ndivyo! Wamechukua ubao wetu, na hiyo mashine ya laini moja, ile wao wenyewe wamechoka nayo, wakaitupa huku. Na ngojeni tu. Hiyo kioo itafika mahali inaonyesha samaki mwenyewe ndani ya maji. Mtu amekaa California, anasukuma kambao, anaelekeza, ngege wa Remba anaingia kwa wavu.

SAJINI: Hata sasa hiyo mashine inamaliza samaki. Ina joto. Joto inapita kwa waya, waya inapita juu ya gati, na chini ya waya kuna makapu. Tangu ikuje, ngege anaoza mbio.

KARANI: Sajini, ile waya haina joto!

SAJINI: Umeishika?

KARANI: Sijaishika.

SAJINI: Basi nyamaza.

Siku nyingine ningecheka mpaka nimwage makaa. Siku hiyo sikuweza. Nilikuwa namfikiria yule binti.

MIMI: Karani. Dolphine yuko wapi siku hizi?

KARANI: Yuko nyuma. Anaosha makasha ya barafu.

MIMI: Anaosha makasha.

KARANI: Mimi sikuleta mashine, mzee. Mimi naipiga tu.

Alisema kweli, na ukweli wake haukunipunguzia chochote. Msichana aliyekuwa na ziwa zima kichwani amepewa brashi na ndoo, na meneja aliyefanya hivyo hajui hata ngege na kamongo wanatofautiana wapi.

SAJINI: Mimi nimechoka na maneno. Leo tunaingia kwa huyo meneja, sisi wote. Tunataka ubao urudi kwa ukuta. Hiyo mashine akitaka aikalie. Misumari iko, mikono iko, fundi ndiye huyu. Machuki! Tukiuleta, utaupigilia?

Machuki alizungusha kikombe chake mkononi.

SAJINI: Mura, kijana, naongea na wewe! Utaupigilia ama unaogopa meneja?

MACHUKI: Siogopi meneja.

AMERIKA: Karani, ubao uko wapi? Uko nyuma ya stoo?

KARANI: Ulitolewa. Sikuuliza ulipelekwa wapi.

SAJINI: Basi tunautafuta. Leo! Jua haishuki kabla ubao haujarudi!

Kwa mara ya kwanza tangu mashine ije, nilijisikia mtu tena. Nikawaongezea wote kahawa bila kuombwa. Birika likawa jepesi mkononi, nikajua kimebaki kikombe kimoja tu, na sikujali.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka gatini. Alikuwa Milka, wa Remba, magamba ya samaki yamemkauka mpaka kwenye viwiko. Hajawahi kusimama kijiweni kwetu hata siku moja. Wanawake wa visiwani hawana muda wa benchi. Kabla hajatusalimu alichungulia mlango wa stoo, akatazama ukutani, pale ambapo chokaa imebaki nyeupe kwa umbo la ubao. Kisha akatugeukia.

MILKA: Oyawore. Baba, lori yetu iko wapi?

Nikamwangalia Karani. Wote tukamwangalia.

KARANI: Iko njiani, mama. Mashine imesema.

MILKA: Njia gani?

Kuna barabara ya Magunga. Kuna ya Kisii. Kuna ile ya Migori, ambayo ukiifuata unatokea hata Ogwedhi kwenye soko la ng'ombe. Lori linaweza kuwa njiani linakuja, na linaweza kuwa njiani linaenda zake. Hakuna hata mmoja wetu, pamoja na makelele yetu yote, aliyekuwa amefikiria kuuliza.

KARANI: Ngoja niende niulize tena.

MILKA: Ukiiuliza, itasema nini?

Karani alikuwa amepiga hatua moja, akarudi.

KARANI: Itasema iko njiani.

Sajini akapiga goti lake ngumi.

SAJINI: Mnaona? Mnaona sasa? Ubao! Twende tuutafute sasa hivi!

MACHUKI: Usiende, Sajini. Inuka tu hapo.

SAJINI: Niinuke niende wapi?

MACHUKI: Inukeni wote.

Tukainuka, vikombe mkononi. Machuki akainama, akaishika ile mbao yake mpya kwa ncha zote mbili, akaigeuza.

Upande wa chini haukupigwa randa. Ulikuwa wa buluu. Mistari myeupe ya vyumba ilikuwa bado ipo, matundu ya misumari yapo, na katikati, kwa mwandiko wa Dolphine, limeandikwa jina la Remba. Pembeni yake chumba cha Mfangano kilikuwa kimekatwa nusu na msumeno.

MACHUKI: Meneja alisema nipasue, nitengeneze meza ya mashine. Mimi ni fundi, nikapasua. Meza ilipomalizika, hii ikabaki. Akasema niichome. Nilishindwa kuichoma. Nikafikiria, mkiikalia, itakuwa karibu na stoo.

Sajini aliinua mkono, na kweli nilidhani angempiga. Mkono ulibaki hewani. Akautazama kama si wake, akaushusha. Karani alikuwa amegeuza uso upande wa ziwa.

Milka alichuchumaa. Akapitisha kidole kwenye tundu moja la msumari.

MILKA: Samaki yangu ilikuwa hapa. Asubuhi kama hii ingekuwa inaangalia barabara.

Akanyanyua macho kwa Machuki.

MILKA: Na hizo mbao zingine?

MACHUKI: Ziko chini ya mashine, mama.

Ndani ya stoo mashine ikaanza kugonga. Ilikuwa inaandika mstari mwingine. Karani hakwenda kuusoma, na hakuna aliyemtuma. Milka alisimama, akatushukuru, sijui kwa nini alitushukuru, neno lile lilinichoma kuliko tusi, akarudi gatini kulowesha nyasi juu ya makapu.

Nikainua birika nimpe Machuki kile kikombe cha mwisho. Yalitoka machicha tupu. Sajini naye, uchovu umemshika ghafla, akairudisha mbao juu ya mawe ile rangi ya buluu ikiwa juu, akaanza kujishusha ili akae.

— Usikae hapo, nikamwambia.

Hakubisha, na sauti yangu haikuwa ya mchezo. Tukabaki tumesimama wote watano kuizunguka, jua likipanda, mpaka harufu ya kwanza ikatufikia kutoka gatini.