Idman Diriye Shurie, Mchungaji wa Utando Juu ya Maji (1991–2025)

Simu ililia saa mbili kasoro robo asubuhi, Jumanne tarehe 11 Februari 2025. Shemeji yetu Kadar alisema maneno manne tu: "Idman amefariki. Mwambieni aabo." Jioni iliyotangulia tulikuwa tumeongea na Idman akicheka. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Aabo, yaani baba yetu Mzee Diriye, alikuwa na ngamia wake mbali na Eldas, na maiti ya Mwislamu haicheleweshwi. Hatukujua kama angewahi kumzika bintiye.

Marehemu alizaliwa Eldas tarehe 14 Machi 1991, akasoma shule ya msingi hapo hapo, kisha sekondari Garissa, ambako alimaliza mwaka 2009. Alipata shahada ya kemia Nairobi mwaka 2014, akarudi Garissa kufundisha.

Aliolewa na Kadar mwaka 2016. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mimba ikiwa ya miezi saba, akaishi siku mbili. Daktari aliwaeleza kwamba mapafu yake yalikosa utando mwembamba wa mafuta unaoyasaidia kufunguka. Idman hakulia mbele yetu. Mwaka uliofuata alirudi chuoni kuusoma utando huo.

Mafuta hayo huitwa fosfolipidi. Aliyatandaza juu ya maji na kuchunguza jinsi vichwa vya molekuli vinavyoubadilisha utando. Desemba 2019 alikwenda Eldas, na aabo akamchokoza kisimani: serikali imemsomesha miaka yote hiyo aangalie maji kwenye sinia?

"Aabo, tazama mbuzi wanavyokunywa," alimjibu. "Vichwa majini, mikia nje. Mafuta yangu yanasimama hivyo hivyo."

"Na ngamia?"

"Mwenye kichwa kikubwa anataka nafasi, utando unalegea. Wenye vichwa vidogo wanabanana, unakaza. Na wako wanaochukiana, wanasukumana mpaka utie chumvi kwenye maji, ndipo wanatulia."

Aabo alifikiri, akasema, "Kumbe wewe ni mchungaji."

Tangu siku hiyo aliwaambia watu wa Eldas kwamba binti yake anachunga mifugo isiyoonekana. Idman alikuwa apewe shahada ya uzamifu mwaka huu, na aabo alikuwa ameshashonesha kanzu ya safari.

Hakuugua muda mrefu. Jumamosi alishuka Garissa kwa basi kutoka Nairobi, mguu ukimuuma, akadhani ni kukaa sana. Jumanne alfajiri alikosa pumzi. Hospitalini walituambia damu iliganda mguuni ikapanda mapafuni. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu. Mpaka leo tunaliandika hili bila kuliamini.

Ameacha wazazi wake, Mzee Diriye na Mama Ebla. Mume wake Kadar. Binti yao Hodan, wa miaka mitano. Na ndugu zake, Sadiyo na mimi Abdiwali ninayewasomea.

Aabo tulimpata adhuhuri, kwa simu ya mwenye duka. Alisema, "Msimngojeshe kwa ajili yangu. Mzikeni." Tulimswalia Garissa baada ya alasiri. Mimi na Kadar tuliingia kaburini, tukampokea, tukamlaza kuelekea kibla.

Aabo alifika Jumatano saa nne asubuhi. Hakuingia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja makaburini, akamswalia, sisi tukiwa nyuma yake. Alipomaliza alisema, "Idman, aabo amefika." Alisimama kidogo, halafu tukaondoka pamoja.

Mola amrehemu, na amkutanishe na mwanawe aliyemtangulia. Amin.