Feni Iliyomwonea Haya Mkwe

Palikuwa na benchi la mbao lililoegemea ukuta wa kibanda cha kinyozi, pale barabara ya lami inapokutana na ya vumbi, na juu yake walikaa kila asubuhi watu watatu ambao hakuna elimu ya dunia iliyowapita kando. Wa kwanza aliitwa Hakimu, ingawa hakupata kuhukumu hata kuku. Alikuwa tarishi wa mahakama kwa miaka thelathini, na mafaili aliyoyabeba yalimwachia lugha nzito na desturi ya kukohoa kabla ya kunena. Wa pili ni Waya, fundi wa redio, ambaye aliamini kuwa hakuna ugonjwa chini ya mbingu usiotokana na umeme. Wa tatu ni kinyozi mwenyewe, aliyenyoa vichwa vichache na kuvifundisha vingi. Katikati yao lilikaa birika la kahawa, pamoja na kanuni isiyoandikwa lakini yenye kutiiwa kuliko nyingi zilizoandikwa: jambo likiletwa kijiweni husikilizwa kwa kitako, kila mtu hutoa rai yake, na hainuki mtu mpaka birika likauke.

Jambo la siku ile lilikuja likifuka mvuke. Alilileta Bwana Rangi, mpaka rangi wa nyumba na jirani yao wa siku nyingi, katika gari lake kuukuu. Kwenye foleni mshale wa joto ulikuwa umepanda hadi kwenye wekundu, maji yakatokota ndani ya rejeta, na feni ambayo kazi yake ni kuipoza haikuzunguka hata mara moja. Aliliendesha gari polepole mpaka kivulini, akazima, akashuka akikimbilia benchi. Kwani katika kiti cha nyuma alikuwa amekaa mama mkwe wake, kimya, amejitanda mtandio, mikono mapajani.

Bibi yule alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Miezi mitano alikuwa akingoja zamu yake kwa daktari, na zamu ilikuwa leo, saa sita kamili. Atakayechelewa atarudishwa mwisho wa orodha. Katika miezi hiyo alizaliwa mjukuu wake wa kwanza. Bibi alimjua kwa harufu ya utosi, akampapasa uso kwa ncha ya kidole, akauliza, “Pua hii ni ya nani?” na kila mara wakamjibu, “Utaiona mwenyewe, mama.” Ahadi hiyo ndiyo iliyomtoa Bwana Rangi jasho pale kivulini. Saa yake ilionyesha saa nne na nusu, hospitali ilikuwa mwendo wa dakika arobaini, na teksi iliyozoea kuegeshwa pale kona ilikuwa imekodiwa tangu alfajiri.

— Jamani, nisaidieni, feni haiwaki, alisema.

— Kaa kwanza, alisema Hakimu, akimpisha nafasi. Kesi haisikilizwi mlalamikaji akiwa amesimama.

— Sina muda wa kukaa, mzee wangu. Mkwe yumo garini.

— Haraka haraka haina baraka. Kinyozi, mtilie kikombe.

Bwana Rangi alikaa. Mtu aliyelelewa kuwaheshimu waliomtangulia hukaa anapoambiwa akae, hata kama benchi linamchoma.

— Hiyo ni fyuzi, alisema Waya, kabla hata kahawa haijamiminwa. Naapa. Fyuzi ikikata, feni inakuwa kama bwana harusi aliyekatiwa simu. Yupo, ila hana habari.

— Umeiona hiyo fyuzi? aliuliza kinyozi.

— Daktari mzuri anamjua mgonjwa kwa kikohozi.

— Kikohozi gani, we Waya? Gari halikohoi! Mimi nakwambia ni panya. Panya wa siku hizi hawali mahindi, wanakula nyaya, zina utamu wa plastiki. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

— Gari limevaa nguo?

— Boneti ni nini kama si kanzu ya injini?

Hakimu alikohoa. Wote wakanyamaza, kwani kikohozi kile kilikuwa na mamlaka yake.

— Ninyi mnashika mkia, mnamwacha ng'ombe. Gari hili limetengenezwa wapi? Nchi ya baridi. Feni yake imezaliwa kwenye barafu. Sasa imeletwa huku kwetu, inaona joto kila siku, asubuhi joto, mchana joto. Itajuaje lipi ni joto la injini na lipi ni la kawaida? Imekata tamaa. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Ngamani ndiyo wapi tena? aliuliza Waya.

— Ndiyo huko huko kwenye rejeta, alijibu Hakimu bila kupepesa.

Bwana Rangi alitazama saa. Saa tano kasoro robo. Alijaribu kuinuka, kinyozi akamgandamiza bega kwa mkono ule ule aliozoea kuwatuliza nao wateja wenye hofu ya wembe.

— Tulia, shemeji. Birika halijafika nusu.

— Labda tungeangalia tu kidogo...

— Utaangalia nini na hukumu haijatoka? alisema Hakimu. Samaki mkunje angali mbichi!

— Basi si ndiyo nimkunje sasa?

— Huyu ameshaiva. Ametokota.

Waya, aliyeona fyuzi yake inapoteza heshima, akaongeza dau. Alisema kwamba siku hizi umeme wa hewani umezidi, kwa sababu ya minara ya simu, na kwamba feni nyingi zimezunguka kinyumenyume usiku zikachoka kabla ya asubuhi. Kinyozi akamwambia panya wanapenda minara pia. Kahawa ikamiminwa tena. Kisha kinyozi akasogeza kichwa karibu, akapunguza sauti kiasi cha kusikika ng'ambo ya barabara.

— Nawaulizeni, jana gari lilikuwa zima?

— Zima kabisa, alisema Bwana Rangi.

— Juzi?

— Zima.

— Na leo umempakia nani?

Bwana Rangi aligeuka kulitazama gari.

— Mkwe.

— Mmeona? Feni yenyewe inamwonea haya mkwe! Gari limekaa na wewe miaka sita, limejifunza adabu zako. Wewe ukiwa mbele ya mkwe unaweza kuvimba na kupuliza upepo?

— Astaghafiru, siwezi.

— Basi itaweza feni?

Hakimu alifikiri sana, akatikisa kichwa kwa unyenyekevu wa mtu aliyeshindwa kwa hoja safi.

— Hiyo, alisema, haina rufaa.

Hapo ndipo mlango wa nyuma wa gari ulipofunguka. Bibi alishuka polepole, mkono mmoja ukipapasa ubavu wa gari, akasimama akielekeza uso pale zilipokuwa zikitoka sauti. Bwana Rangi aliruka, kikombe kikamwagika. Waliobaki waliinuka nusu, wakakaa, wakainuka tena, kwani kanuni ya birika haikutaja lolote kuhusu mkwe.

— Shikamoo, walisema watatu kwa mpigo.

— Marahaba, wanangu. Samahani kuwaingilia. Mimi macho yangu yana kiza, mengi yananipita. Nauliza tu nijue: katika ninyi, ni nani aliyeiona hiyo feni?

Nzi alitua kwenye ukingo wa kikombe cha Hakimu, akatembea mzunguko mzima, na hakuna aliyemfukuza. Waya alimtazama kinyozi. Kinyozi alimtazama Hakimu. Hakimu alikohoa, lakini safari hii kikohozi hakikufuatwa na neno.

Bwana Rangi hakungoja. Alivuta kamba ya boneti, akaliinua, na wale watatu wakajikuta wamesimama, birika likiwa bado zito. Feni ilikuwa pale, nzima. Pembeni yake plagi ilikuwa imechomoka kidogo, vijino vyake vimeota kutu ya kijani. Waya, ambaye mikono yake ilikuwa na akili ambayo mdomo wake hakuwahi kuikopa, alichukua vipande viwili vya waya, akaiunganisha feni moja kwa moja na betri. Ikazunguka papo hapo.

— Feni haina kosa, alisema kwa sauti ndogo. Ni plagi. Kinyozi, lete wembe.

Kinyozi akakwangua kutu kwa wembe mpya, kwa uangalifu ambao wateja wake hawakupata kuuona. Waya akaisukuma plagi mpaka ikalia “ka”. Hakimu, asiye na kazi, akashika chupa ya maji kwa mikono miwili kama shahidi aliyekabidhiwa kielelezo, na rejeta ilipothibitika imepoa, akaijaza.

Bibi akarudishwa kitini, gari likawashwa. Wote wakakaza macho kwenye mshale uliokuwa ukipanda taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile lichongwe hapakuwa na mtu mwenye rai. Mshale ulipita nusu. Bwana Rangi aliomba dua kimoyomoyo.

— Inazunguka, alisema bibi kutoka kiti cha nyuma.

Ndipo nao wakausikia mvumo wake. Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Gari liliondoka, na kwa jinsi lilivyokuwa likikata kona, Bwana Rangi hakupata nafasi hata ya kuaga.

Wiki mbili baadaye alipita tena pale, asubuhi. Bibi alishuka mwenyewe, bila kushikwa, mjukuu mgongoni. Pua, ilithibitika, ilikuwa yake mwenyewe bibi, na tangu aione hakumpa mtu mwingine nafasi ya kumbeba mtoto yule. Alikuja kushukuru. Alisimama mbele ya benchi akawatazama mmoja mmoja kwa macho mapya: Hakimu, Waya, kinyozi. Akachungulia ndani ya kibanda. Akatazama nyuma ya ukuta. Akarudi, paji la uso limekunjana.

— Wanangu, aliuliza, siku ile nilisikia baraza zima la watu. Wale wengine wako wapi?