Mlinisindikiza Chuoni, Nikashukia Iringa

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wote mliobaki baada ya ibada, amani iwe kwenu. Mzee wa kanisa amesema nije mbele niwatie moyo vijana, kwa kuwa mimi ndiye wa kwanza wa mlima huu kwenda chuo cha biashara kule pwani. Nimekubali kuja. Lakini habari niliyo nayo siyo ile mnayoijua, na nawaomba mnivumilie hadi mwisho.

Mnakumbuka nilikuwa nafanya kazi kwenye mashine ya kusaga pale mjini Mbeya. Nilishuka mlima huu kabla jua halijatoka, nikapanda tena jua likizama. Kazi yenyewe ilikuwa kubeba magunia, kumimina mahindi, kuangalia mkanda usikatike. Mwalimu mmoja mstaafu aliniazima vitabu viwili, kimoja cha Kiingereza na kimoja cha hesabu za biashara. Nilivisoma njiani nikitembea. Nilivisoma saa sita, wenzangu wakila. Kurasa zilijaa unga mpaka zikawa nzito. Tajiri wangu, Mhindi mmoja mpole tu, aliniambia, "Soma, sikukatazi. Ila mashine isisimame."

Miaka miwili niliishi hivyo. Ndugu zangu, nawaambia, kuna uchovu wa kulala ukaamka umepona, na kuna uchovu mwingine unaoamka nao. Mimi nilikuwa na huo wa pili. Mke wangu alikuwa anasema jambo, namwitikia "ndiyo", halafu nashindwa kujua nimekubali nini. Nilimfokea kwa sababu ya chumvi ya mboga. Nilimfokea hata kwa sababu ya mvua.

Mtihani wa kuingia chuo ukaangukia msimu wa mavuno, wakati foleni ya magunia inafika barabarani. Wiki ile nzima hatukupumzika. Tajiri alinipa ruhusa siku moja tu, ile ya mtihani wenyewe. Asubuhi tukafanya Kiingereza, nikakimaliza vizuri. Mchana wakatugawia hesabu. Nikajibu maswali manne. La tano lilikuwa la faida na hasara, na nilikuwa nalijua. Nikasema moyoni, ngoja nipumzishe macho kidogo.

Nilichosikia baada ya hapo ni msimamizi ananigonga begani. "Bwana, karatasi." Wenzangu walikuwa wanatoka mlangoni.

Naona mnacheka. Chekeni tu. Mimi ilinichukua miaka kabla sijaweza kucheka.

Niliporudi nyumbani nilimkuta baba mkwe amekaa kibarazani ananisubiri. "Vipi huko?" Nikamjibu, "Vizuri, Baba." Ule ulikuwa uongo mdogo. Mkubwa ulikuja miezi mitatu baadaye, barua ilipofika posta. Niliisomea palepale, nimesimama wima kama mtu anayesomewa hukumu: sikuchaguliwa. Nikaichana, nikapanda mlima. Pale kwenye njia panda nikakutana na mzee mmoja wa hapa, sasa ni marehemu. Akaniuliza kwa furaha, "Barua imesemaje?" Nikamwambia, "Nimepata."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile. Sikutaka sifa. Nilikuwa nimechoka kuulizwa, nikaona neno hilo moja litanipumzisha. Mzee akaangusha jembe lake, akapiga vigelegele kama mwanamke. Kabla sijafika nyumbani kwangu, mlima wote ulishajua.

Mkanisindikiza. Mama zangu mlioko hapa, mlinifumia sweta la kijani. Mlinipa kuku wawili na unga wa ulezi. Mchungaji aliniwekea mikono kichwani, hapa hapa niliposimama. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, akabeba sanduku langu hadi barabarani kwa sababu alisema msomi asichoke.

Nikapanda basi. Tukapita Uyole, tukapita Chimala, na kila tulipopita nilikuwa natafuta ujasiri wa kushuka nirudi. Sikuupata. Tulipofika Iringa nikashuka, maana niliona aibu hata kuendelea kumdanganya dereva kwamba naenda chuoni.

Iringa nilipata kazi kwenye duka la vitambaa la mama mmoja wa Kihindi, mjane, Mwislamu mswalihina. Nikawa napima kanga na kaniki. Barua za nyumbani niliandika kila mwezi, nikawapa madereva wa malori waende kuzitia posta kule pwani, ili muhuri uwe wa huko. Niliandika habari za walimu wasiokuwepo na bweni nisilolijua. Mke wangu nilimwambia majibu ayapitishe kwa rafiki yangu Iringa, eti ndiyo njia ya haraka. Mtoto alizaliwa, nikapata habari kwa barua. Niliisoma nyuma ya marobota ya vitambaa, nikajifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha marekani, nikarudi kumhudumia mteja.

Nawaambia ukweli, kazi ile ya uongo ilinichosha kuliko mashine. Gunia unalitua. Uongo hakuna mahali pa kuutua.

Basi, siku moja saa sita mchana, duka lina wateja watatu, akaingia mwanamke amebeba mtoto mgongoni, vumbi la barabara limemjaa hadi kwenye nyusi. Alikuwa mke wangu; yule rafiki aliyekuwa anapokea barua zake ndiye aliyemwelekeza dukani. Hakunisalimu. Aliweka bahasha mezani. Kumbe alikuwa ameniandikia moja kwa moja chuoni, akitaka kunishtukiza na jina la mtoto, na barua imemrudia. Juu yake wameandika: hajulikani.

"Nimepanda malori siku mbili," akasema, "namtafuta mtu asiyejulikana."

Wateja wakatoka mmoja mmoja.

"Walikufukuza?"

"Sikufika."

"Ulifeli?"

"Nililala."

"Ulilala wapi?"

"Kwenye mtihani. Niliinamisha kichwa kidogo, nikalala mpaka mwisho."

Nilingoja anitukane, na ningefurahi. Akamfungua mtoto mgongoni, akanipa nimshike. Mara ya kwanza hiyo. Kisha akakaa juu ya robota, akaniuliza polepole, "Baba, mbona hukuniambia kwamba umechoka?"

Nilikuwa nimemfokea, nimemdanganya, nimemkimbia. Hilo neno moja ndilo ambalo sikuwahi kumwambia.

Yule mama mwenye duka alikuwa nyuma ya pazia, amesikia yote. Akatoka na chai. Akamuuliza mke wangu, "Hesabu anajua?" Mke wangu akasema, "Anajua. Alikuwa anaziota." Mama akanigeukia. "Basi mtihani upo tena mwaka huu. Nenda ofisi ya elimu kachukue fomu. Jioni nitakuuliza maswali mimi mwenyewe. Na wiki ya mtihani hutagusa mkasi. Utakula na kulala, umesikia?"

Alitupa chumba uani. Mke wangu akachukua zamu yangu dukani, mtoto mgongoni. Wiki ile nililala mchana kama mgonjwa, na kila nikiamka kwa hofu alikuwa ananiambia, "Lala tu, bado."

Nilifanya mtihani wote, macho wazi. Msidhani niliongoza. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya akiba, na niliitwa tu baada ya mwenzangu mmoja kwenda kusomea ualimu. Hivyo ndivyo nilivyoingia chuo, mwaka mzima baada ya ninyi kunisindikiza. Niliporudi mliuliza kwa nini nimekawia, mke wangu akajibu kozi imeongezwa. Uongo ule ni wangu. Naomba muutoe juu yake leo.

Namshukuru yeye, yuko pale upande wa akina mama. Namshukuru yule mama wa Iringa ambaye hatuabudu pamoja, lakini alinitendea kama mwanawe. Namshukuru mwalimu wa vitabu. Nanyi nawashukuru na kuwaomba msamaha, hasa mlionifumia sweta. Mkiona sifai tena kuwa katibu wa chama chetu cha wakulima, semeni, nitawakabidhi daftari bila kinyongo.

Wapo wawili hapa wanaojiandaa kwa mtihani huku wanafanya kazi. Nawajua, nimewaona wakisinzia wakati wa mahubiri. Wanangu, mkichoka semeni kwamba mmechoka. Na ninyi wazazi na wake zao, msiwaulize tu wamefikia ukurasa gani. Waulizeni kama wamelala.

Ni hayo tu. Sasa nami nimechoka, naomba nikakae.