Mji Haukulichukua Bonde

Sogeeni, wanangu. Esnath, zima hiyo redio. Gideoni, kaa hapa ninapouona uso wako, maana wewe ndiye uliyekwisha kumpata mnunuzi wa bonde. Msinikatize, pumzi niliyonayo ni ya kusema mara moja tu.

Nyumba hii ni ya mama yenu maadamu yu hai, na wale ng'ombe wawili mtajua wenyewe. Hayo ni mepesi. Linaloninyima usingizi ni bonde.

Ninyi mlipopata akili, kijiji chetu kilikuwa tayari mtaa wa Makambako, kina namba za nyumba na mwenyekiti wa mtaa, kwa hiyo hamjui kwamba lile bonde halikuwa na mwenyewe. Babu yenu aliligawa, nami nikaligawa baada yake. Kila mwezi wa sita, baridi ikiwa kali na mahindi ya mlimani yameiva, watu walikuja na majembe yao kulima vinyungu, bustani za bondeni za kiangazi, nikawapimia matuta kwa hatua zangu, kila kaya kwa idadi ya walaji wake, wajane wakichagua kwanza, karibu na maji. Kazi yetu ilikuwa kugawa, basi.

Kisha wakaja wapimaji wa viwanja. Kijana mmoja mwenye adabu akauliza bonde hili ni la nani, na Timoth, mnaujua utani wake, akanisonta kidole: "La huyu! Hata vyura wa humu wanampa shikamoo." Watu wakacheka, nami nikacheka, na kijana akaandika jina langu. Niliiona kalamu ikitembea, wanangu. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuliko yeyote pale, nikajua maana ya karatasi ile, nikanyamaza. Simlaumu kijana; aliuliza, akajibiwa. Wala Timoth simlaumu. Nilijiambia nitasahihisha kesho, na hati ilipotoka nikaifungia sandukuni.

Mwezi wa sita uliofuata walikuja na majembe kama kawaida. Mbele yao alikuwa Oktavia, Mama Benno, ambaye mumewe tulikuwa tumemzika mwaka uleule. Akaniambia, "Baba Esnath, mbona hutugawii? Au miguu ya kupimia imeganda kwa baridi?" Nikamjibu, "Mji umekataza, dada." Mji haukukataza kitu. Aliweka jembe begani akageuka, wengine wakamfuata, hata Timoth.

Nusu ya juu niliiuza, pale lilipo ghala la mbao, na ndiyo iliyowasomesha ninyi wawili. Sisemi ili muone aibu. Aibu ni yangu. Lakini tangu siku ile, kila mtu akilalamika kwamba mji umetumaliza, kwamba siku hizi jirani hajui jirani yake amelala na njaa, mimi hutikisa kichwa pamoja naye, mzee wa kanisa mzima. Mji umeleta yake, na mengine ni mema; taa hii ni yake. Bonde nililichukua mimi. Na Mama Benno, anayeuza sokoni kabichi za kununua kwa watu, akipita hapa bado hunisalimu, "Kamwene, Baba Esnath," nami huitikia.

Gideoni, kamwambie mnunuzi wako kwamba hakuna bonde la kuuza. Nendeni wote wawili ofisi ya ardhi, nusu iliyobaki iandikwe kwa kaya zilizokuwa zikiilima; majina nimeyaandika, yamo ndani ya hati. Wakisema ni lazima liwe jina moja, liwe la Oktavia. Yeye atagawa.

Na siku ya kunizika, wasifu wangu utakaposomwa, msiseme tu kwamba nilipenda watu. Someni na hili la bonde. Lisomwe na wewe, Gideoni, si mchungaji, jeneza likiwa bado juu.

Nipeni maji... Inatosha.

Mungu awape majirani, wanangu. Awape ujasiri wa kusema mapema, siku ileile, kabla wino haujakauka. Mimi sikuwa nao. Hata sasa naogopa... Esnath, nenda sokoni, kamlete Mama Benno. Usimwambie kitu njiani. Kimbia, mama. Nami nitajitahidi... Gideoni, niinue kidogo, niegemeze ukutani. Sitaki anikute nimelala.