Orrin Haskett na Kikapu cha Kumi na Tatu

Ndugu, majirani, na ninyi wageni mliokuja na mabegi yenu ya visahani vya kurusha kana kwamba baada ya mazishi mtapitia uwanjani (na tunajua mtapitia), asanteni kwa kufika.

Marehemu Orrin Wade Haskett alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 mjini Porterville, California, akiwa kitinda mimba wa Mzee Lowell na Bi. Neva Haskett, waliokuwa wachuma machungwa. Viatu alirithi kwa kaka zake, suruali alirithi, hata baiskeli alipewa ikiwa imeshachoka. Inaaminika kijicho chake kiliota meno hapo.

Alisoma Porterville na kumaliza sekondari mwaka 1965. Katika riadha ya shule alishika nafasi ya pili kwa kurusha tufe, na hadi uzeeni aliweza kukutajia jina la yule wa kwanza, pamoja na kasoro zake.

Mwaka 1971 aliajiriwa na halmashauri ya Alder Mesa kama mtunza bustani, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2009. Tarehe 15 Juni 1974 alifunga ndoa na Delfina Arriaga. Pamoja na mke alipata shemeji, Ramiro Arriaga, fundi bomba, ambaye walipendana naye kama paka wawili wanaogombea kiti kimoja. Mungu aliwajalia Orrin na Delfina watoto wawili, Rosalva na Dwight.

Mwaka 1976 alitumwa yeye na wenzake kuchimbia nguzo katika Bustani ya Bonner kwa ajili ya mchezo mpya: unarusha kisahani cha plastiki kulenga nguzo, mitupo michache ndiyo ushindi. Baadaye nguzo zikaondolewa, vikawekwa vikapu vyenye minyororo. Kwa kuwa uwanja huo ni miongoni mwa viwanja vya mwanzo vya mchezo huo, na kucheza ni bure, watu wakaanza kuja kutoka Finland, Japani na Iowa. Wanaipapasa miti ya mialoni, wanapiga picha na bango la uwanja, wengine machozi yanawalenga. Marehemu aliwatazama jinsi mume anavyowatazama wanaume wanaomsifia mkewe mbele yake.

"Wanalia nini?" alimwuliza Bibi Delfina. "Niliyechimba ni mimi, na sikulia."

"Ulilia mgongo mwezi mzima, Orrin. Nilikukanda mimi."

Kilichomnyima usingizi kilikuwa kikapu cha kumi na tatu, kile cha ng'ambo ya korongo. Anayeingiza kisahani humo kwa mtupo mmoja jina lake huandikwa kwenye ubao pale penye miti, na waliomwona hutia saini kwenye kisahani chake. Asipoonwa na mtu, hakuna saini wala ubao. Marehemu ndiye aliyekuwa mlinzi wa ubao huo, na yeye mwenyewe hakuwa na jina juu yake. Mama mmoja wa Iowa, siku yake ya kwanza kabisa kucheza, aliingiza kwa kisahani alichoazimwa na marehemu. Marehemu alitia saini ndogo sana. Leo jina la marehemu limo kwenye visahani katika nchi ambazo hakuwahi kukanyaga, na kila mara yeye ndiye aliyeona.

Mwaka 1983 Ramiro alikwenda uwanjani alfajiri peke yake, akarudi mbio hadi jikoni kwa marehemu.

"Shemeji, nimeingiza cha kumi na tatu. Mtupo mmoja."

"Nani ameona?"

"Mungu ameona."

"Basi aje atie saini."

Hawakusemeshana hadi Krismasi, na hata siku hiyo ni tamale za Bibi Delfina, unga wa mahindi uliojazwa nyama, ndizo zilizowakalisha meza moja.

Jumanne tarehe 17 Oktoba 2023, moyo wake ukiwa umeshaanza kumsumbua, marehemu alicheza na mgeni wa Finland, binti aitwaye Riikka. Kwenye cha kumi na tatu Riikka alirusha kwanza, na kisahani kikatua hatua moja tu kutoka kikapuni. Binti hakuona kilipotua, ila marehemu aliona vizuri sana.

"Kimetumbukia korongoni, binti yangu. Kakitafute huko chini."

Riikka akashuka kwenye vichaka vinavyowasha. Ndipo marehemu akarusha cha kwake, na minyororo ikalia. Akageuka kulia, akageuka kushoto. Mtu pekee ambaye angeweza kuona alikuwa korongoni anajikuna, na aliyempeleka ni yeye.

Riikka alipopanda, marehemu alimwonyesha kisahani chake kilipo na kumwomba radhi. Binti alicheka, akatoa kalamu.

"Minyororo niliisikia, Babu. Nitasaini."

"Umesikia. Hukuona."

Mwezi Januari 2024 alilazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi. Ramiro alikuwa anakuja kila siku, na siku moja akavuta kiti karibu.

"Shemeji, nitasema nilikuwa nyuma ya mwaloni, nikakuona."

"Siku ile ulikuwa kwa daktari wa meno. Nilikupeleka mimi kabla ya mchezo."

"Basi tuaminiane. Tuandike langu la 1983, tuandike na lako. Kalamu na funguo za ubao unazo wewe."

Bibi Delfina anasema usiku kucha marehemu alikuwa anatazama dari, mara anatabasamu, mara ananuna. Asubuhi yake alimwita Ramiro.

"Nimefikiri. Lako likiwa ubaoni, nitaliona kila siku hata kaburini. Tuache yote mawili."

Ramiro alicheka mpaka muuguzi akaja kumtoa nje. Huko koridoni, alilia.

Marehemu alifariki Ijumaa, tarehe 9 Februari 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Kisahani cha siku ile kimo jenezani, kifuani pake. Kabla kifuniko hakijafungwa, Ramiro aliomba atie saini. Bibi Delfina alimzuia mkono: "Mwache nacho hivyo hivyo. Kweli yake aliijua." Kwa hiyo hakina jina la mtu, na ubao hauna lake.

Ameacha mjane, Bi. Delfina, watoto, Rosalva na Dwight, wajukuu watano, shemeji yake Ramiro, na wageni wasiohesabika ambao aliwavumilia kwa shida.

Alale kwa amani. Na kama huko alikokwenda kuna uwanja, Mola amjalie aucheze kabla wageni hawajafika, na safari hii awepo wa kuona.