Nyongeza Huja Mwisho

Asalaam alaykum, na kwa wenzetu, Bwana asifiwe. Mama zangu, shikamooni. Mwenyekiti wa kikoba chetu amenipa robo saa, na nyote mnaujua mdomo wangu, kwa hiyo mwenye maharage jikoni akayaangalie sasa.

Nimesimama kwa ajili ya simu hii. Mnaiona? Kioo kimepasuka kwenye kona, na ukiiuza leo hupati hata hela ya sukari. Lakini mwaka jana niliililia dukani mbele za watu, mtu mzima mimi.

Wengi hapa Old Korogwe mlinunua kwa marehemu mama yangu. Siku za gulio alikuwa anashuka kutoka Kwashemshi na maparachichi na maharage. Zamani alishuka kwa miguu, mimi nikiwa mgongoni. Baadaye kwa lori, na miaka ya mwisho kwa bodaboda, kikapu amekipakata kama mjukuu. Mimi nimekulia chini ya meza yake, kwenye harufu ya magunia. Mpaka leo nikisikia harufu ile naangalia kama miguu yake ipo.

Mteja akiuliza bei, mama alimwuliza kwanza hali ya watoto. Treni ikisimama stesheni, abiria walikuja mbio, wakalipa bei ya kwanza, wakaondoka. Wauzaji wengine walifurahi. Mama alinuna. "Huyu hata hatujaongea," alikuwa anasema. Kwake yeye kupatana bei ndiyo ilikuwa soko lenyewe.

Alinifundisha mambo mawili. La kwanza aliliita kutembea kwa kuitwa. Ukikataliwa bei yako, kiache kitu mezani, aga vizuri, ondoka taratibu, na usigeuke mpaka uitwe. Ukigeuka umeshindwa. La pili ni nyongeza. Siku moja nilimwekea mteja parachichi la juu kabla hawajapatana, mama akanipiga kofi la mkononi. "Nyongeza huja mwisho," alisema. "Mtu akikupa nyongeza kabla ya bei, shika mfuko wako."

Sasa ndugu zangu, nawaambia, mtoto wa mama yule ndiye aliyeingia mkenge.

Nilikuwa napita stendi nikitoka Handeni kununua mahindi. Nikakuta turubai, muziki juu, watu wamejaa. Ofa! Simu mpya unaondoka nayo leo, unalipa kidogo kidogo kila siku, na bando la mwezi mzima ni bure! Kabla sijauliza kitu nikavalishwa fulana. Mimi ninayebishania fungu la dagaa mpaka muuzaji anaomba maji, siku ile nilikuwa mpole. "Mama, weka kidole hapa." Nikaweka. "Na hapa." Nikaweka. Niliona haya, huo ndio ukweli. Wale watu na vishikwambi vyao na lugha yao ya haraka, nikaona kuuliza bei mara ya pili ni ushamba.

Gulio lililofuata mama akaiona.

"Mmepatana ngapi?"

"Siku hizi hawapatani, mama. Bei imeshaandikwa."

"Na hiyo fulana?"

"Ya bure."

Mama alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaiomba fulana yenyewe, akawa anapalilia nayo. Siku ile ile, nikijaribu simu, nilimrekodi akiuza. Dakika mbili hivi.

Masika yaliyofuata alitutoka. Presha, siku moja tu, kabla hatujapata gari la kumshusha. Tulimzika Kwashemshi, na siku zote za msiba sikukumbuka malipo ya simu. Niliporudi ilikuwa imejifunga, kioo cheusi na maandishi: lipa ili uendelee kutumia. Nikalipa siku nilizoruka. Haikufunguka. Nikaenda dukani, nikaambiwa nina deni la bando. Kumbe lile la bure liliisha mwezi ule ule, likaendelea lenyewe, na kila nilichokuwa nalipa kilikuwa kinakatwa humo kwanza. Fundi akasema anaweza kuifungua, ila kila kilichomo kitafutika.

Picha za mama tunazo, tena nyingi, na zote amenuna. Sauti ilikuwa hiyo moja tu.

Basi nililia pale dukani. Nikamwambia kaka wa kaunta, mwanangu, mama yangu yumo humo. Akanionea huruma kweli, simsingizii. "Lakini mama, mfumo haukubali." Nikatoka. Nikaacha kwenda sokoni. Hapa kikoba mlikuwa mnaona faini yangu tu, mimi hamnioni. Nilikuwa nalala mchana na simu iliyokufa kifuani. Nilijiona mjinga niliyemzika mama mara mbili.

Mmoja wenu akaja. Simtaji, yeye anajijua, alifundisha shule miaka mingi na bado anatuchukulia kama darasa. Hakusema pole. Alisema, "Mkataba uko wapi?"

"Umo kwenye simu, mwalimu."

"Waambie wakuchapie. Ni haki yako."

Walichapa, shingo upande. Tukausoma barazani kwake, yeye na miwani, mimi na kidole, mstari kwa mstari. Karibu na mwisho tukaukuta: mwezi wa bure ukiisha, mteja aulizwe kwanza kama anaendelea na bando. Ndugu zangu, mimi hakuna aliyeniuliza. Mwalimu akavua miwani.

"Wewe si mtoto wa yule mama wa maparachichi? Nimenunua kwake miaka ishirini, hajanipunguzia hata siku moja. Amka ukapatane."

Nawaambia, niliamka.

Kesho yake nikaenda na kikapu kwa yule kaka wa kaunta. Sikusimama. Nilivuta kiti, nikaweka kikapu chini, simu na mkataba juu ya meza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

Akashangaa. Akasema ana mmoja, anaota meno. Tukaongea meno. Halafu nikamwonyesha ule mstari. Nikamwambia: bando mlifunge, na mlichokata bila kuniuliza mkirudishe kwenye malipo ya simu.

"Mama, mfumo..."

"Mfumo unakaa wapi, niende nikaongee nao?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Akamwita meneja. Meneja akausoma mkataba wake kama anauona mara ya kwanza. Akasema watarudisha nusu.

"Nusu ya kosa lenu nilipe mimi? Hapana, baba."

"Basi mama, hatuna la kufanya."

Hapo nikakumbuka. Kitu kinaachwa mezani. Nikachukua kikapu, nikawaaga vizuri, nikaanza kutembea, na simu nikaiacha kwao. Jamani! Mama yangu alikuwa juu ya meza ya watu, na mimi nampa mgongo. Mlango ulikuwa hatua sita hivi. Hakuna aliyeita. Nikafika mlangoni. Nikashika kitasa. Sikugeuka.

"Mama! Hebu rudi tuongee."

Walirudisha chote. Na waliponiambia nisubiri siku tatu mfumo usome, nikakaa tena. "Tumeshapatana, si ndiyo? Basi nyongeza yangu nifungulieni sasa hivi, nikiwa hapa." Meneja alicheka kicheko cha mtu wa sokoni. Akabonyeza mahali, kioo kikawaka. Kumbe mfumo nao una mkono wa mtu.

Nakushukuru mwalimu. Nawashukuru ninyi mliolinda nafasi yangu hapa wakati nalala mchana. Hata yule kaka wa kaunta, Mungu amkuzie mtoto wake. Na ninachowaachia ni kile kile cha mama, iwe simu, iwe benki wanaokuita kwa kalenda na mwavuli vya bure: ukipewa nyongeza kwanza, bei bado hujaijua. Keti. Uliza. Usione haya, kwa sababu haya yangu mimi ilinigharimu kuliko simu yenyewe.

Ushuhuda wangu umeishia hapo. Sasa mjue mimi ni mtoto wa nani, nyongeza yenu hii hapa. Sogeeni, sauti ni ndogo. Huyo anayelia bei ni mteja. Huyo anayecheka ni yeye. Sikilizeni, hapa ameniona nimemnyooshea simu:

"Unafanya nini wewe?"

"Nakurekodi, mama."

"Na bei ya kunirekodi, tumepatana?"