Kiti Alichokishona Fundi Sofa

Lile benchi la kona, kati ya duka la vocha na kinyozi, limeshasuluhisha vita vya dunia nzima, ila mvua ikinyesha halijui pa kukimbilia. Asubuhi hiyo Fundi Sofa alikuja na shavu limevimba, ukilitia magurudumu linabeba abiria. Daktari wa meno alikuwa anamngoja saa nne. Dawa ya kumtoa woga hapewi, moyo wake hauiwezi, kwa hiyo daktari alimwambia aje na mtu wa kukaa pembeni, amshike mkono. Fundi alikuja kijiweni kumtafuta huyo mtu. Ya jino na kiti cha daktari aliyasema; neno la kuomba mtu ndilo lilimkwama, kubwa kuliko jino.

— Unaogopa kiti, Fundi, na kazi yako ni viti? — Dobi alimcheka, kikombe cha kahawa mkononi.

— Kile cha daktari nimekivalisha ngozi mwenyewe — Fundi alijibu kwa upande mmoja wa mdomo. — Ile ya zamani niliibandua mimi. Pa kuwekea mikono watu wamepachimba kwa kucha mpaka kwenye sponji.

Redio, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hazimwi, akakohoa.

— Hao hawajui kupumua. Vuta hewa puani taratibu, ishushe taratibu. Mimi nilipumua hivyo, akasinzia daktari.

— We jino uling'oa lini? — Dobi akamuuliza.

— Nazungumzia pumzi, sizungumzii jino.

— Pumzi haitoshi — akasema Dobi. — Ziba masikio kwa muziki, usiisikie ile mashine. Jirani yangu aliwekewa nyimbo za harusi, akatoka anacheza, mdomoni hamna kitu.

— Mpeane na ishara — muuza kahawa akadakia. — Ukinyoosha mkono, daktari anaacha.

— Huyu akiunyoosha haushuki mpaka kliniki ifungwe — Redio akasema. — Wahenga walinena, haba na haba hujaza kibaba. Ling'olewe vipande, kila mwezi kimoja.

— Kwanza aende kutazama tu — Dobi akaongeza. — Siku nyingine akae. Nyingine afungue mdomo. Kufika uzeeni wameshazoeana na daktari, anamwoza binti.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Fundi naye alijaribu, taya likamkatalia. Marehemu mkewe saa hizi angekuwa ameshavaa viatu, anamfokea mlangoni. Alimeza mate, yakawa machungu ya usaha.

— Jamani — akaanza — daktari kasema niende na...

— Daktari usimsikilize — Redio akamkata. — Wewe mtu mzima, Fundi. Maji ukiyavulia nguo, nawa uso urudi nyumbani.

Mwanamke mmoja, mgeni hapo, mtoto wa homa mgongoni, alikuwa amesimama akingoja kahawa yake. Yote aliyasikia.

— Samahanini — akauliza. — Huyu baba anakwenda na nani?

Dobi akakumbuka mashuka ya watu. Redio, tangu azaliwe, ndiyo mara ya kwanza kuzimika. Muuza kahawa akaliinamisha birika, likatoa machicha.

Fundi alingoja. Alingoja kama mtu aliyeulizia bei na mwenye duka kajifanya hajasikia. Halafu akainuka, akajipangusa suruali, akashika njia ya karakana yake. Kliniki ilikuwa upande wa pili.

— Fundi — Redio akamwita kwa nyuma. — Usisahau kupumua.